Namna ya Kuandika Mapendekezo ya Utafiti Zaidi: Mwongozo Kamili kwa Waandishi wa Tasnifu na Makala

"Utafiti zaidi unahitajika." Ukisoma tasnifu na makala za kitaaluma kwa muda wa kutosha, sentensi hii utaikuta imekaa mlangoni mwa kila hitimisho. Karibu kila mara ni ya kweli, na hapo ndipo kasoro yake ilipo. Jambo lililo kweli kuhusu kila mada duniani halimwambii msomaji lolote kuhusu mada yako.

Mwaka 2007 watafiti wa Brazil walichapisha uchunguzi wa mapitio 1,016 ya tiba, yaani makala zinazojumlisha tafiti zilizokwisha kufanyika, yaliyokuwa kwenye hazina ya Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima ushahidi wa kitabibu. Asilimia 96 ya mapitio hayo yalipendekeza utafiti zaidi. Hata pale waandishi walipokwisha kuridhika kwamba tiba inasaidia, bado karibu wote waliongeza kwamba tafiti nyingine zifanyike. Jarida la BMJ, moja ya majarida makubwa ya udaktari, lilifika mahali pa kuipiga marufuku kauli hiyo katika kurasa zake. Wahariri hawakuwa na chuki na utafiti. Walichoka kusoma maneno yasiyoonyesha nini kifanyike, kifanywe na nani, na kwa sababu gani.

Sehemu ya mapendekezo ndiyo pekee katika kazi yako inayomhudumia moja kwa moja mtu atakayekuja baada yako. Wewe umekaa na data miezi au miaka. Unajua swali lipi lilikuponyoka, kipimo kipi hakikufaa na jibu lipi lilikushangaza. Mwenzako hayajui hayo, na hana pengine pa kuyapata. Ninaloshikilia katika mwongozo huu ni hili: pendekezo la utafiti ni tokeo la utafiti wako, sawa na matokeo mengine, na linapaswa kuandikwa kwa uangalifu uleule.

Hatua ya kwanza: tenganisha kauli zinazofanana

Katika kazi moja ya kitaaluma haja ya utafiti hutajwa mahali kadhaa, na kila mahali ina kazi yake. Anayezichanganya huishia kurudia sentensi moja mara tatu.

Mwanzoni, katika utangulizi na mapitio ya kazi tangulizi, unaonyesha pengo la maarifa. Kauli ya pengo inahalalisha utafiti *wako*: hili halijulikani, kwa hiyo nimelichunguza. Mwanaisimu John Swales, katika kazi yake ya mwaka 1990 kuhusu utanzu wa makala za kitaaluma, alionyesha kwamba utangulizi kwa kawaida hupita katika hatua tatu. Mwandishi huonyesha uwanja, hufungua nafasi ndani ya uwanja huo, kisha huijaza nafasi hiyo. Kauli ya pengo ndiyo hatua ya pili.

Katikati, kwenye mjadala wa matokeo, unataja ukomo wa utafiti: mbinu ulizotumia zinaruhusu kusema nini, na haziruhusu nini. Hii ni kauli kuhusu kazi iliyokwisha kufanyika.

Mwishoni ndipo yanapokuja mapendekezo ya tafiti zijazo. Sasa unazungumzia kazi ambayo haijafanyika, na ambayo haja yake imeonekana kwa sababu ya ulichokipata. Ikiwa pendekezo lako lingeweza kuandikwa kabla hujaenda uwandani, basi hilo ni pengo la utangulizi lililohamishiwa sura ya mwisho.

Kuna pia mapendekezo kwa watunga sera na watendaji. Haya yawekwe chini ya kichwa chake. "Wizara itoe mafunzo kwa walimu" si pendekezo la utafiti, na kuliweka katika orodha moja na maswali ya utafiti kunawachanganya wasomaji wa pande zote mbili.

Hatua ya pili: jiulize kama utafiti zaidi unahitajika kweli

Swali hili huachwa kwa sababu linaonekana kama utovu wa adabu kwa taaluma. Lakini gharama ya kutolijibu inajulikana, na katika tiba imelipwa kwa maisha ya watu.

Tuchukue dawa ya streptokinase, inayoyeyusha damu iliyoganda kwa wagonjwa wa shambulio la moyo. Mwaka 1992 watafiti walizipanga tafiti 33 za dawa hiyo kwa mfuatano wa miaka, kuanzia 1959 hadi 1988, na kujumlisha matokeo hatua kwa hatua kana kwamba mtu alikuwa akihesabu kila mara utafiti mpya ulipotoka. Ikaonekana kwamba kufikia mwaka 1973, baada ya tafiti nane tu, ushahidi kwamba dawa inapunguza vifo ulikuwa umeshatosha kitakwimu. Tafiti nyingine 25, zenye wagonjwa zaidi ya 34,000, zilifuata hata hivyo. Katika nyingi kati ya hizo, nusu ya wagonjwa hawakupewa dawa.

Aprotinin, dawa ya kupunguza kutoka damu wakati wa upasuaji wa moyo, ina historia inayofanana. Kati ya mwaka 1987 na 2002 zilichapishwa tafiti 64. Jibu la swali kuu lilikuwa limetulia kufikia utafiti wa kumi na mbili, mwaka 1992.

Nyuma ya matukio kama haya kuna hitimisho lililoandikwa kwa mazoea, na kuna watafiti ambao hawakujumlisha yaliyokwisha kujulikana. Kwa hiyo, kabla hujaandika pendekezo, kaa na maswali mawili. Je, jibu tofauti lingebadilisha uamuzi wa mtu yeyote, au uelewa wetu wa jambo hili? Je, swali hili halijajibiwa tayari, labda kwa istilahi nyingine au katika taaluma jirani? Ikiwa majibu yote mawili yanakuelekeza kuacha, una ruhusa kamili ya kuandika: "Kwa swali hili, ushahidi uliopo unatosha, nguvu za watafiti zielekezwe kwingine." Sentensi hiyo ni adimu na inahitaji ujasiri, lakini kwa msomaji ina thamani kuliko mapendekezo kumi ya kawaida.

Hatua ya tatu: tambua aina ya kutojua

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kusema "hatujui" hakutoshi. Lazima useme *kwa nini* hatujui, maana kila sababu inadai utafiti wa namna yake. Wataalamu wa mapitio ya ushahidi wamezoea kuzigawa sababu katika makundi manne, na mgawanyo huo unafaa hata nje ya tiba.

Sababu ya kwanza ni uchache: tafiti ni mbili tatu, au sampuli ni ndogo kiasi kwamba makadirio yanayumba. Hapa tu ndipo "sampuli kubwa zaidi" huwa pendekezo la maana. Hata hapo, taja ukubwa au angalau taja kile ambacho ukubwa huo unapaswa kuweza kukionyesha.

Sababu ya pili ni upendeleo katika mbinu. Tafiti zipo nyingi, lakini zote zimewahoji watu waliojitolea, au zote zimemtegemea mhojiwa kukumbuka mambo ya miaka iliyopita. Kurudia utafiti wa namna hiyo kwa watu wengi zaidi hakuponyi chochote. Kosa litabaki palepale, ila sasa litaonekana la uhakika zaidi. Kinachotakiwa ni mbinu nyingine: badala ya kumbukumbu, shajara ya kila siku; badala ya waliojitolea, uteuzi nasibu kutoka katika orodha kamili.

Sababu ya tatu ni mgongano. Utafiti mmoja unasema ndiyo, mwingine unasema hapana, na zote mbili zimefanywa vizuri. Waandishi wengi hapa hupendekeza utafiti wa tatu, kana kwamba kura ya tatu itavunja sare. Haivunji. Pendekezo lenye maana linaanza kwa kukisia chanzo cha mgongano: pengine umri wa watafitiwa, pengine kipimo kilichotumika, pengine muda wa ufuatiliaji. Kisha linaomba utafiti utakaobadilisha jambo hilo moja makusudi huku mengine yakibaki vilevile.

Sababu ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi: maarifa yapo, lakini si yale yanayohitajika. Tunajua mbinu fulani ya kufundishia inaongeza alama za mtihani baada ya wiki sita. Tunachotaka kujua ni kama mwanafunzi anakumbuka baada ya mwaka. Tunajua wanachofanya watu katika chumba cha majaribio, tunataka kujua wanachofanya kazini. Hapa pendekezo hutaja tokeo, mahali au muda ambao tafiti zote zilizopo zimeuruka.

Katika fasihi, historia na falsafa makundi haya yanabadilika sura lakini hayapotei. Mwanahistoria anayetegemea kumbukumbu za mahakama ana upendeleo wa chanzo, kwa kuwa anawasikia waliofika mahakamani tu. Pendekezo lake litataja aina nyingine ya nyaraka, kama barua, daftari za biashara au rejesta za ubatizo, na kueleza sauti ipi ingesikika humo. Mhakiki wa fasihi ambaye nadharia yake imeeleza vyema riwaya na kushindwa kwenye ushairi ana mgongano. Na swali lake zuri ni nini hasa katika ushairi kinachoikataa nadharia hiyo. "Nadharia hii itumike katika kazi nyingine za fasihi" halijibu hilo.

Hatua ya nne: yakusanye mapendekezo kazi ikiendelea

Fungua faili moja siku ya kwanza ya utafiti. Kila unapokutana na jibu lisilotarajiwa, swali la hojaji ambalo watu hawakulielewa, au jedwali linaloonyesha kitu ambacho hukukusudia kukipima, andika mstari mmoja na tarehe. Anayesubiri wiki ya mwisho hubuni. Mwenye faili huchagua.

Hatua ya tano: jenga sentensi yenyewe

Tuseme umechunguza kama kusomewa hadithi kwa sauti nyumbani kunahusiana na uelewa wa kusoma wa watoto wenye umri wa miaka minane. Uliwapima watoto 60 wa shule moja, wazazi wao wakajaza hojaji, mara moja tu. Ukakuta kwamba watoto wanaosomewa mara kwa mara wana alama za juu. Lakini wazazi wanaowasomea watoto ndio pia wenye elimu kubwa zaidi.

Pendekezo la mazoea lingekuwa hivi:

*Mtafiti anapendekeza watafiti wengine wafanye utafiti zaidi kuhusu mada hii katika maeneo mengine kwa kutumia sampuli kubwa zaidi.*

Tulisome neno kwa neno. "Mada hii" ni ipi: kusomewa, uelewa, au wazazi? "Maeneo mengine" ni kwa nini? Hakuna popote katika utafiti ambapo umeonyesha sababu ya kudhani mahali pangebadilisha jibu. "Sampuli kubwa zaidi" inaponya nini? Tatizo la utafiti wako si uchache wa watoto peke yake. Kusomewa na elimu ya mzazi vimeandamana, na hata ukiwapima watoto 6,000 vitaendelea kuandamana. Pendekezo linamwelekeza mwenzako atumie fedha nyingi kulikuta fumbo lilelile.

Sasa tujenge upya. Anza na kile ambacho matokeo yako yameacha wazi, kwa maneno yanayotaja matokeo hayo:

*Matokeo yetu hayatenganishi athari ya kusomewa na athari ya elimu ya mzazi, kwa kuwa mambo hayo mawili yaliandamana katika sampuli yetu.*

Kisha taja utafiti ambao ungeyatenganisha:

*Jaribio litakalozigawa familia kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja likipewa vitabu pamoja na mwongozo wa kumsomea mtoto kwa sauti na jingine likipewa vitabu pekee, na kupima uelewa wa kusoma mwanzoni na mwishoni mwa mwaka wa masomo, lingeonyesha iwapo kusomewa kwenyewe ndiko kunakoinua uelewa.*

Halafu, kama unalo, ongeza jambo ambalo wewe tu uliyekaa na data unalijua:

*Familia ambazo wazazi wake wana elimu ndogo zipewe uzito wa pekee katika uteuzi, kwani katika sampuli yetu zilikuwa tisa tu.*

Sentensi tatu. Mtu mwingine anaweza kuanza kuandika pendekezo la mradi kwa kuzitumia, na mtahini ataona kwamba unaielewa kazi yako mpaka kwenye udhaifu wake.

Watafiti wa tiba wana kipimo kizuri cha kukagua kama pendekezo limekamilika. Mwaka 2006 BMJ lilichapisha mwongozo uitwao EPICOT, unaotaka kila pendekezo litaje ushahidi uliopo sasa, watu watakaohusika, afua (yaani tiba au hatua) itakayojaribiwa, kitu ambacho afua hiyo italinganishwa nacho, matokeo yatakayopimwa, na tarehe ambayo pendekezo limeandikwa. Cha mwisho huonekana kidogo, lakini kina maana. Pendekezo huzeeka, na msomaji wa miaka kumi baadaye anahitaji kujua ulitazama maarifa ya lini.

Si kila taaluma ina afua na makundi ya ulinganishi. Hata hivyo roho ya kipimo hicho inahamishika. Jiulize: nani au nini kitachunguzwa? Kwa mbinu gani? Kikilinganishwa na nini? Kipi kitahesabiwa kuwa jibu? Kama huwezi kujibu mawili kati ya hayo, ulichonacho ni shauku, bado hakijawa pendekezo.

Hatua ya sita: chagua vitenzi na nguvu ya lugha

Kitenzi kinachodhoofisha mapendekezo mengi ya Kiswahili ni *kuangalia*. "Tafiti zijazo ziangalie suala la jinsia." Ziliangalieje? Badala yake tumia kitenzi kinachobeba mbinu ndani yake. *Kulinganisha* kunadai makundi mawili. *Kufuatilia* kunadai muda. *Kurudia* kunadai mbinu ileile kwa watu wengine. *Kupima* kunadai kipimo, *kuhoji* kunadai watu, *kuchambua* kunadai matini au data iliyopo. Ukibadilisha kitenzi hicho kimoja, mara nyingi sentensi nzima inalazimika kueleweka, kwa sababu kitenzi chenyewe kinakudai yambwa iliyo wazi.

Muundo unaofaa sana ni ule unaounganisha kirejeshi cha wakati ujao na hali ya masharti: *Utafiti utakaolinganisha … ungeonyesha iwapo …* Nusu ya kwanza inataja kazi, nusu ya pili inataja faida. Ukiona huwezi kuimaliza nusu ya pili, pendekezo halijakomaa.

Kuhusu nguvu, Kiswahili kina ngazi nzuri na ni vyema kuipanda kwa makusudi. *Huenda ikafaa* ni kwa wazo lililotokana na dokezo moja. *Yafaa* na *inashauriwa* ni kwa jambo lenye msingi katika matokeo. *Ipo haja ya* ni kwa pengo ambalo umelithibitisha. *Ni muhimu* inataka ueleze ni muhimu kwa nani. *Hapana budi* na *ni lazima* ziweke akiba kwa mahali ambapo kutojua kunadhuru: tiba inayotumika bila usalama wake kujulikana, sera inayotekelezwa juu ya dhana isiyopimwa. Anayeandika *ni lazima* katika mapendekezo yote saba amejinyima neno la kutumia siku litakapohitajika.

Nafsi ya kuzungumzia hutegemea kanuni za idara au jarida. "Mtafiti anapendekeza" bado inadaiwa katika tasnifu nyingi. Makala hukubali "tunapendekeza" au "utafiti huu unapendekeza". Fuata ya kwako na usichanganye. Ninachoomba uache ni "watafiti wengine wafanye". Anayefanya si lazima awe mwingine, huenda ukawa wewe. Ifanye kazi yenyewe kuwa kiima cha sentensi, na mtendaji atajitokeza.

Hatua ya saba: kuwa mwangalifu na "hakuna"

"Hakuna utafiti wowote uliowahi kufanyika kuhusu suala hili" ni kauli ambayo mtahini mmoja mwenye makala moja mkononi anaweza kuiangusha, na sura nzima ikaanguka nayo. Huwezi kuthibitisha kwamba kitu hakipo popote. Unachoweza kusema kwa uaminifu ni ulitafuta wapi, lini, kwa maneno gani, na hukukuta nini:

*Katika kazi tulizozipitia hadi tulipokamilisha uandishi, hatukukuta utafiti uliopima uelewa wa kusoma kwa zaidi ya muhula mmoja baada ya programu kumalizika.*

Angalia jinsi kauli hii ilivyo nyembamba. Haisemi kwamba hakuna aliyechunguza usomaji. Inataja kona moja iliyo wazi, na kona nyembamba ni rahisi kuitetea.

Kuna jambo jingine linaloambatana na hili. Kutochunguzwa peke yake si sababu ya kuchunguza. Mambo yasiyochunguzwa hayana idadi, na mengine yameachwa kwa sababu hayana tija. Baada ya kila "haijachunguzwa" lazima ifuate "na hili ni muhimu kwa sababu". Mwaka 2011 Mats Alvesson na Jörgen Sandberg waliwakosoa watafiti wa nyanja ya usimamizi kwa mazoea ya kutafuta mapengo tu na kuyaziba, wakasema nadharia zenye mvuto huzaliwa zaidi pale mtafiti anapozihoji dhana ambazo wenzake wote wanazichukulia kuwa kweli. Ukosoaji huo unafaa kusomwa na kila anayeandika sura ya mapendekezo. Pendekezo linaweza pia kusema: swali tulilokuwa tunauliza sote huenda si swali sahihi, na hili hapa ni swali jingine.

Hatua ya nane: idadi, mpangilio na mahali

Matatu hadi matano yanatosha katika tasnifu. Katika makala, moja au mawili. Orodha ndefu inaonyesha kwamba mwandishi hakuchagua. Tanguliza lile ambalo lingebadilisha mambo zaidi kama lingejibiwa, na useme wazi kwamba ndilo la kwanza. Katika ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo wa kazi, weka pendekezo ikiwa tu ni sehemu ya habari kuu ya kazi, na kwa sentensi moja. Katika makala fupi pendekezo linaweza kukaa ndani ya mjadala, kando ya tokeo lililolizaa, na mara nyingi hapo ndipo linaposomeka vizuri zaidi.

Kila pendekezo liwe na nanga. Msomaji aweze kuweka kidole kwenye jedwali, dondoo au aya ya sura ya matokeo na kusema: limetoka hapa. Jaribu hili kwa kalamu kabla ya kuwasilisha. Pembeni mwa kila pendekezo andika namba ya ukurasa lilikotoka. Lisilo na namba lifute, au urudi kwenye matokeo ukatafute kama kweli lina msingi.

Hatua ya tisa: soma waliofanya vizuri

Mwaka 1704 Isaac Newton alimaliza kitabu chake cha *Opticks* kwa orodha ya Maswali, akieleza kwamba anayatoa ili wengine waendelee kutafuta. Toleo la kwanza lilikuwa na 16. Katika matoleo ya baadaye yakafika 31. Hakuandika kwamba mwanga unahitaji kuchunguzwa zaidi. Aliuliza maswali mahususi, kwa mfano kama vitu huutenda mwanga kwa mbali na kuipinda miale yake, na katika baadhi ya maswali akaonyesha jibu analolielekea.

Mwanahisabati David Hilbert, akizungumza mbele ya mkutano wa wanahisabati mjini Paris mwaka 1900, alitaja matatizo 10 kati ya 23 aliyoyachapisha baadaye. Alikuwa na kigezo kinachofaa kukumbukwa: tatizo zuri liwe gumu kiasi cha kumvuta mtu, lakini lisiwe mbali kiasi cha kuzidhihaki juhudi zake. Wanahisabati wa karne iliyofuata walijipima kwa orodha ile.

Kisha kuna James Watson na Francis Crick, ambao makala yao ya Aprili 1953 kuhusu umbo la DNA, kemikali inayobeba urithi katika nyuzi mbili zilizooanishwa, ilikuwa ya ukurasa mmoja hivi. Karibu na mwisho waliandika sentensi moja kwamba hawakukosa kutambua kuwa upatanisho wa jozi walioupendekeza unadokeza namna ambavyo chembe za urithi zinaweza kunakiliwa. Sentensi ile haikuomba utafiti. Ilitaja utaratibu unaoweza kupimwa, na mwaka 1958 Matthew Meselson na Franklin Stahl walichapisha jaribio la bakteria waliokuzwa katika nitrojeni nzito, lililoonyesha kwamba kila DNA mpya hubeba uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya.

Sikutaji hawa ili uandike kama wao. Tafuta katika fani yako makala mbili au tatu ambazo mapendekezo yake yalikuja kufanyiwa kazi. Njia ni rahisi: chukua utafiti mpya unaouheshimu, soma utangulizi wake, uone umenukuu hitimisho la nani. Rudi kwenye hitimisho hilo, ulinakili kwa mkono, kisha utie alama mahali mwandishi alipotaja watu, mbinu, ulinganishi na sababu. Halafu fungua sura yako ya mwisho na utie alama hizohizo.

Hatua ya kumi: mpe mtu asome

Mpe pendekezo mwenzako ambaye hajasoma kazi yako nyingine yote, bila maelezo. Mwombe akueleze kwa mdomo utafiti ambao angeufanya. Akieleza ule uliokuwa kichwani mwako, umemaliza. Akieleza mwingine, andika alichosema, maana huenda ni pendekezo la nne ambalo hukuwa umeliona. Akikuuliza "unamaanisha nini hapa?", jibu utakalompa kwa mdomo ndilo lililotakiwa kuwa limeandikwa. Liandike hivyo hivyo, kabla hujalisahau.